Bamba la Mgongo Mwingine

Saadia alisimamisha cherehani, akamtazama mumewe akimfunga binti yao mikanda katikati ya sebule.

"Mkanda huo unapita wapi, katikati ya miguu?" aliuliza.

"Hapo hapo unapopaona," Aidarus alijibu bila kuinua kichwa. "Usipopita hapo, mzigo wote utampanda shingoni akiwa majini."

"Na wanaume watakuwapo?"

"Watakuwapo. Wataangalia anavyopumua, hawataangalia mkanda."

Saadia hakuridhika, lakini hakuendelea. Alichukua kitambaa cheusi kilichobaki kwenye buibui la mteja, akakipima kwa jicho kiunoni pa mwanawe, kisha akakirudisha mapajani. Jihan alisimama kimya, mikono kaitanua kama mtu anayepimwa nguo ya arusi asiyoitaka.

Mgongoni alikuwa amebeba bamba la chuma kisichoshika kutu. Aidarus alilikatisha kwa fundi mmoja wa Shimanzi enzi alizokuwa akisugua matumbo ya meli bandarini, kabla ngoma ya sikio lake haijapasuka na daktari kumkataza kuzama tena. Tangu hapo hakuwa na kazi ya kudumu. Cherehani ya Saadia ndiyo iliyoilisha nyumba ile ndogo ya Mji wa Kale, na Saadia hakuwa akilisema jambo hilo. Bamba lilikaa chini ya kitanda, limefungwa kwenye shuka, na kila Ramadhani ilipokaribia Aidarus alilitoa akalipangusa mafuta.

Sasa limepata wa kulivaa. Katana, aliyeongoza kundi la wapiga mbizi wa kukagua maboya na matumbawe nje ya bandari, alikuwa akitafuta mtu mmoja. Mitungi ya hewa ilikuwapo. Vya kuvaa mwilini kila mtu alikuja na vyake. Jihan alikuwa na cheti cha kupiga mbizi na cheti cha chuo cha mambo ya bahari, na vyote viwili vilikuwa kabatini tangu alipomaliza masomo. Makoti ya kuzamia ya kukodi aliyajaribu. Yalishonwa kwa vifua vya wanaume, na ndani ya maji yalimzunguka kama gunia.

"Bamba halizunguki," Aidarus alimwambia. "Vitu ni vitatu tu. Bamba linakaa mgongoni. Mikanda inakufunga nalo. Halafu bawa." Aliupiga kofi mfuko mpana wa mpira uliofungwa nyuma ya bamba, mahali pa kukalia mtungi mkongwe aliouegemeza ukutani. "Hili ukilitia hewa unaelea, ukilitoa hewa unashuka. Mimi nililitumia miaka na miaka."

"Baba, ulikuwa ukibeba mitungi miwili," Jihan alisema.

"Miwili, mmoja, hewa ni hewa."

Jihan alijaribu kuinua uso atazame dari. Ukingo wa juu wa bamba ulimgonga kisogoni. Ukingo wa chini ulimkaa juu ya makalio. Aidarus alikuwa mrefu. Jihan alikuwa amechukua kimo cha mama yake.

"Linanigonga."

"Utazoea. Hata mimi mwanzo lilinigonga."

Jihan aliushika ukingo kwa vidole, akafikiri, akauachia. Alimwona baba yake akirudi nyuma hatua kidogo ili amtazame, na uso wa baba yake ulikuwa na furaha ambayo nyumba ile haikuwa imeiona kwa muda mrefu.

"Haya, baba," alisema. "Nitazoea."

*

Jaribio lilifanyika Jumamosi asubuhi katika bwawa la kuogelea la klabu moja huko Kizingo. Nauli ya tuktuk Aidarus aliiomba kwa mkewe, na Saadia alimtilia mkononi huku akitazama uzi wake, ili asimwonee haya.

Langoni, magari yaliingia bila kusimamishwa. Mlinzi aliwasimamisha wao. Alilitazama gunia begani mwa Aidarus, akalisikia likilia chuma kwa chuma.

"Mafundi wa bomba hupitia nyuma, mzee."

"Mimi si fundi wa bomba. Tumekuja kwa Katana. Kuzama."

"Basi na wa kuzama pia hupitia nyuma."

Wakazunguka. Njia ya nyuma ilipita kando ya jiko na mapipa ya taka, na Aidarus aliipita akizungumza kwa sauti kubwa kuhusu namna ya kuvuta pumzi, kana kwamba ndiyo njia aliyoichagua.

Katana alikuwa ukingoni mwa bwawa. Alikuwa mtu wa Kilifi, mfupi, mwenye mabega mapana. Ujanani aliwabebea watu mitungi gatini, na Aidarus ndiye aliyemshusha chini mara ya kwanza. Alimpa mkono kwa heshima.

"Shikamoo, Bwana Aidarus. Umekuja kutukagua?"

"Marahaba. Nimekuja na mwanangu tu."

Katana alilitazama bamba likitolewa guniani, kisha bawa, kisha Jihan. Alifungua kinywa, akakifunga. "Vyombo umevijaribu majini?" alimuuliza Jihan.

"Vimejaribiwa," Aidarus alijibu.

Aliyetangulia alikuwa Dancan, kijana wa Tudor, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Aliingia na koti lililomkaa vizuri, akafanya alichoambiwa, akatoka. Wanachama wa klabu waliokaa chini ya miavuli hawakumtazama. Msichana aliyefunika nywele na kubeba chuma mgongoni walimgeuzia viti.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kushuka mpaka chini, kupanda hadi katikati ya maji, na kutulia pale, asipande wala asishuke. Jihan alipoingia, uzito wa bamba ulimvuta chini kabla hajajipanga. Alijitilia hewa kidogo. Bawa lilikuwa limekatwa kwa ajili ya mitungi miwili, na sasa upana wake haukuwa na cha kushikilia. Pande zake zilijikunja juu, zikaukumbatia mtungi mmoja kama chapati iliyokunjwa. Hewa ikakimbilia upande wa kulia, ikakaa huko. Jihan akalala upande. Alivuta kamba ya kutolea hewa, hewa haikutoka. Alitaka kuinua kichwa aone yuko wapi, bamba likamzuia. Akapanda bila kutaka, mtungi ukatangulia kutokeza juu ya maji, na yeye akafuata akikohoa, damu nyembamba ikimchuruzika puani.

Mtu mmoja chini ya mwavuli alicheka, kisha akaona damu akanyamaza.

Katana aliyekuwa chini pamoja naye alitokeza kando yake, akamvuta hadi ukingoni. "Kumetokea nini?"

Jihan alimtazama baba yake. Aidarus alikuwa amesimama na taulo mikononi, amelikunja vizuri.

"Nilitia hewa nyingi," Jihan alisema. "Kosa langu."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Katana alingoja kidogo. Aidarus naye alisikia, na alikuwa na muda wa kusema neno. Alilikunjua taulo.

"Anayepanda bila kutaka ni hatari kwake na kwa mwenzake," Katana alisema. "Siwezi kukuchukua, dada. Pole."

*

Nyumbani Saadia aliona pamba puani mwa mwanawe. Hakuuliza mpaka Jihan alipokwenda kuoga.

"Kumekwendaje?"

"Alipaparika," Aidarus alisema. "Maji ya watu, macho ya watu. Akapaparika."

Saadia alimjua binti yake tangu siku aliyomzaa na hakuwahi kumwona akipaparika. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Siku ya pili asubuhi, Jihan akiwa ametumwa Makadara kununua vifungo, Aidarus alilivuta gunia katikati ya sebule. Aliufunga mtungi wake mkongwe juu ya bamba, akaweka bawa mahali pake, akalilaza sakafuni. Kisha akaweka mdomo kwenye bomba akalijaza bawa kwa pumzi yake mwenyewe, mishipa ya shingo ikamsimama.

Bawa liliinuka pande zote mbili, likaufumbata mtungi. Pale lilipojikunja paliingia mkunjo mkali. Alivuta kamba. Upande mmoja ulitoa hewa kwa mlio, ukalegea. Upande wa pili ulibaki umevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Saadia alikuwa akitazama kutoka kwenye cherehani. "Na hiyo hewa ya upande huu itatokea wapi," aliuliza, "ikiwa imekunjwa hivyo?"

Aidarus alibonyeza upande uliovimba kwa kiganja, polepole, mpaka hewa ikapata njia. Akajaza tena. Likajikunja vilevile. Akafanya hivyo mara nyingine, na Saadia aliyaona masikio yake yakipata wekundu.

"Uliyajua haya?" Saadia alimuuliza.

"Nilijua halikukatwa kwa mtungi mmoja."

"Na bamba?"

"Bamba ni refu kwake."

"Kwa hiyo hakupaparika."

"Hakupaparika," Aidarus alisema. Alikaa sakafuni kwa muda akiwa ameweka mkono juu ya chuma. Kisha akavaa kofia yake na viatu, akatoka. Hakuomba nauli. Alikwenda Tudor kwa miguu.

Katana na watu wake walikuwa kwenye gati dogo wakiosha vyombo kwa maji matamu. Dancan alikuwapo, tayari anaonyeshwa kazi. Aidarus aliwasalimu wote, akaombwa akae kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakukaa.

"Katana, nimekuja kukwambia neno, na hawa wasikie. Yule msichana hakukosea. Vyombo nilimfunga mimi. Bawa lilikuwa la mitungi miwili, bamba la mtu wa kimo changu. Aliniambia linamgonga, nikamwambia atazoea."

Mmoja wao alifunga bomba la maji ili asikie vizuri, na Aidarus akatamani maji yangeachwa yatiririke.

"Niliona," Katana alisema. "Nilipoona vyombo tu nilijua havipatani. Ningemzuia asiingie, hilo ni langu mimi. Nilikustahi. Lakini alipotoka nilimuuliza, akanambia kosa ni lake. Nikamuuliza tena. Bwana Aidarus, mtu anayeficha kasoro ya kifaa chake mimi siwezi kumtia majini na mwenzake. Hilo ndilo nililomkatalia. Si kupanda."

"Alinisitiri mimi. Hakuficha kifaa."

"Huko chini ni mamoja."

Aidarus aliitikia kwa kichwa. Maneno yale aliyajua. Yeye ndiye aliyewahi kuyasema, kwenye gati hilo hilo, kwa kijana mbeba mitungi.

"Nafasi nimeshampa Dancan," Katana aliendelea. "Siwezi kumnyang'anya mtoto wa watu. Ila nahitaji mtu wa akiba, wa kuitwa mwingine akiugua. Nitamjaribu tena Jumatano. Lakini aje na vyombo vyake yeye, na aje na mdomo wake."

*

Jihan alikuwa uani akianua nguo wakati baba yake aliporudi. Aidarus alimsaidia kuanua, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akayakunja mashati vibaya.

"Nimetoka kwa Katana," alisema. "Nimemweleza."

"Umemweleza nini?"

"Kwamba kosa ni langu. Kwa nini hukusema mwenyewe?"

Jihan alilichukua shati alilolikunja baba yake, akalikunja upya. "Ningesema nini, baba, na wewe umesimama pale na taulo?"

Aidarus alivuta shati jingine kambani.

"Na wewe ulisikia," Jihan alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilingoja useme. Niliona umelikunjua taulo nikajua hutasema."

"Nilisikia."

"Pua yangu haikuniuma. Hilo ndilo lililoniuma."

Saadia, aliyekuwa mlangoni, alirudi ndani taratibu. Baba na mtoto walimaliza kuanua. Mwisho Aidarus akasema, "Katana amesema usimfiche tena. Nami nasema usinifiche. Likikugonga, nambie linakugonga, hata nikinuna."

"Utanuna."

"Nitanuna. Wewe sema tu."

Kisha akamweleza habari ya Jumatano, na kwamba ni nafasi ya akiba, si kazi kamili. Jihan aliuliza swali moja tu: vyombo vitatoka wapi?

*

Katana aliwaelekeza kwa Ketty, mwanamke aliyewahi kuzama na kundi lake kisha akapata kazi ya ofisini bandarini. Alikaa kwenye fleti moja huko Tudor, ghorofa ya juu. Aidarus alipanda ngazi na gunia lake begani, ingawa Jihan alimwambia aliache.

Ketty alikuwa mwembamba, mfupi kuliko hata Jihan. Aliwakaribisha kwa chai, akatoa kwenye kabati la nguo bamba fupi la alumini na bawa jembamba.

"Hili ni la mtungi mmoja," alisema, akaliweka bawa juu ya meza. "Angalia, halizidi mtungi sana kwa upana. Kwa hiyo halina cha kujikunja. Na hewa yake inatosha kumfanya aelee na mzigo wake. Yeye si mzito."

Aidarus alilichukua bamba kwa mkono mmoja. Lilikuwa jepesi kama sinia. "Hili litamshusha kweli?"

"Peke yake halitamshusha, mzee. Atavaa vipande vidogo vya risasi kiunoni, vya kumwongezea uzito. Lakini risasi akipata shida anaivua akaiacha. Bamba la chuma hawezi kulivua."

Aidarus alifikiri juu ya hilo. Halafu akafungua gunia. "Tuseme tuchukue hili bawa lako tu, tulifunge kwenye bamba langu. Jihan atavumilia urefu..." Alijisikia akisema, akamtazama binti yake.

"Linanigonga, baba," Jihan alisema.

"Hebu tujaribu tu."

Ketty alililaza bawa juu ya bamba la chuma. Tundu la juu likakutana na tundu. La chini likaangukia kwenye chuma kitupu. Alisogeza, la chini likapatana, la juu likapotea.

"Matundu yangu ni ya kipimo cha kila mahali," alisema bila ubaya. "Yako ni ya kipimo cha nani, mzee?"

"Changu mwenyewe," Aidarus alisema.

Alilirudisha bamba guniani. Akauliza, akitazama kikombe, kama Ketty angelikubali lile la chuma badala ya lake. Ni chuma kizuri, hakishiki kutu. Ketty alitazama sebule yake, kiti cha mtoto, kamba ya nguo dirishani.

"Nitaliweka wapi, mzee?"

Akaona amemtahayarisha, akaongeza haraka, "Mwache atumie hivi. Akipata kazi tutazungumza. Vimekaa kabatini bure."

Jihan alishukuru. Aidarus alishukuru pia, baada yake. Kushuka ngazi, gunia lilikuwa zito kuliko wakati wa kupanda, na safari hii Jihan alipotaka kulishika upande mmoja, alimwachia.

*

Jioni ya Jumanne walimfunga mikanda upya. Aidarus alipitisha utepe mgumu kwenye nafasi za bamba la alumini, lakini mara hii hakukata mpaka Jihan aliposema. Kila mahali alisimama akauliza. Hapa? Panabana. Hapa? Bado. Hapa? Jihan alizungusha mabega, akainama, akajinyoosha, akapeleka mkono nyuma mpaka akagusa bomba la mtungi.

"Hapo."

"Kiganja kinapita chini ya mkanda?"

"Kinapita."

Saadia aliinuka kutoka kwenye cherehani akiwa na kile kitambaa cheusi. Alikuwa amekishona kikawa kishuka kifupi cha kuvaliwa juu ya nguo ya kuzamia, kimepasuliwa mbele na nyuma ili mkanda wa kati upite bila kuonekana. Alipiga magoti kati ya mumewe na mwanawe, akakifunga, akaupitisha mkanda mwenyewe.

"Hivi utapiga miguu?" aliuliza.

Jihan alipiga miguu hewani, akishikilia bega la mama yake. "Napiga."

"Basi."

Baadaye, vyombo vilipokwisha kuvuliwa, Jihan alisema, akimtazama baba yake kwa tahadhari, "Baba, kesho ningependa niende na mama."

Aidarus alikuwa akikusanya vipande vya utepe sakafuni. Alivikusanya vyote kwanza. "Mama yako hajui habari za maji."

"Ndiyo maana. Nikiwa naye sitaangalia juu kutafuta uso wako."

Alinuna, kama alivyoahidi, lakini si kwa muda mrefu. Asubuhi aliwasindikiza mpaka kwenye tuktuk, akamwonyesha Saadia namna ya kubeba bawa lisikwaruzwe, akarudi ndani. Alikaa kwenye kiti cha mkewe, mbele ya cherehani asiyojua kuitumia. Mteja mmoja alikuja kuulizia gauni lake. Akamwambia mwenyewe hayupo.

Saadia alirudi peke yake, Jihan akiwa amebaki kuandikishwa na kupewa masharti ya kazi. Alivua buibui, akalitundika, akanywa maji. Aidarus alimngoja amalize.

"Amemkubali," Saadia alisema. "Wa akiba. Ataitwa wakimhitaji."

"Alhamdulillahi." Kisha, "Katana alimuuliza?"

"Alimuuliza kabla hajaingia. Jihan akamwambia kuna kishikizo kimoja kimelegea begani. Wakakaza, ndiyo akashuka."

Aidarus alikishika kishikizo kile kwa vidole vyake mwenyewe jana, na hakuona kimelegea.

"Na alipofika katikati ya maji," aliuliza, "alikuwaje?"

"Alikuwa kimya."

"Kimya vipi? Kichwa kilikuwa juu, miguu chini? Au alilala upande?"

Saadia hakuwa na maneno ya mambo hayo. Alinyoosha mkono wake mbele yake, kiganja chini, ukakaa hewani sawasawa, hauinuki wala haushuki.

"Hivi," alisema.

Aidarus aliutazama mkono ule, na Saadia hakuuteremsha mpaka ulipochoka.